Puti Ina Saa Yake

Mtu anayeishika kwa mara ya kwanza sanamu ya askari yenye kimo cha milimita 28, ambayo miguu yake yote miwili inaenea juu ya sarafu moja, aghalabu husema neno lile lile: aliyeitengeneza ana mikono ya ajabu. Anaona vifungo vya koti, vidole vilivyokamata mpini wa upanga, hata makunyanzi ya uso, na papo hapo anahukumu kwamba kazi hii wameandikiwa wachache waliojaliwa vidole vyepesi. Hukumu hiyo ndiyo ninayotaka kuipinga katika sura hii, kwa sababu imewafukuza wengi kabla hawajaanza na kuwapotosha wengine walioanza. Kinachomtenga fundi na mwanagenzi katika kazi ya puti, yaani donge la epoksi ambalo sanamu hizi hufinyangwa kwalo, ni mpangilio wa muda. Fundi anajua donge lililo mbele yake limefikia saa ipi ya uhai wake, saa hiyo inakubali kazi gani, na kazi gani haina budi ilale mpaka kesho. Mwanagenzi anayeharibu sanamu mara nyingi mkono wake hauna kosa lolote. Amefanya jambo sahihi kabla ya wakati wake, au wakati wake ukiwa umeshapita.

Twende kwanza Nottingham, mji wa katikati ya Uingereza ambao kwa miongo kadhaa umekuwa makao ya kazi hii. Kampuni ya Citadel Miniatures ilianzishwa na Bryan Ansell mjini Newark, si mbali na hapo, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa ushirika na Games Workshop, wauza michezo wa London. Baadaye shughuli zikahamia Nottingham, na mafundi waliotoka katika kampuni hiyo wakafungua karakana zao hapo hapo, hata leo ukiutaja mji huo mbele ya wapenzi wa michezo ya vita ya mezani huhitaji kueleza zaidi. Miongoni mwa wachongaji wake wa mwanzo ni mapacha Alan na Michael Perry. Mwaka 1996, katika maigizo ya vita vya Crécy huko Ufaransa, Michael alipata ajali ya mzinga akapoteza mkono wa kulia. Akajifunza upya kuchonga kwa mkono wa kushoto, akarudi kazini, na baada ya miaka michache yeye na pacha wake wakaanzisha kampuni yao wenyewe, ambayo sanamu zake za kihistoria zinatafutwa na wapenzi wa fani hii nchi nyingi. Najua mfano mmoja haujengi kanuni, na huyu hakuwa mtu wa kawaida hata kabla ya ajali. Lakini ni mfano unaobana. Kama ufundi ungekuwa umekaa kwenye vidole, vidole vilipoondoka nao ungeondoka, na mtu huyo angerudi kuwa mwanagenzi kama wanagenzi wengine. Kilichobaki ni kichwa kilichokwisha kujua kipi kinatangulia na kipi kinafuata, na mkono mgeni ukapata wa kuufundisha.

Sasa tuitazame puti yenyewe, maana hoja yote imelala humo. Wachongaji wengi wa sanamu za michezo wamezoea epoksi ya Kimarekani iitwayo Kneadatite, ambayo wenyewe huiita kwa rangi yake tu, ile ya kijani. Inauzwa ikiwa mkanda wa rangi mbili zilizolala ubavu kwa ubavu: njano ni resini, buluu ni kigumishi. Unakata kipande, unakikanda kwa vidole mpaka njano na buluu zipotee na ibaki kijani kimoja kisicho na michirizi, na kuanzia hapo mmenyuko wa kikemia umeanza na hauna breki. Udongo wa mfinyanzi hukauka kwa kupoteza maji, na kabla haujachomwa unaweza kurudishiwa maji ukalainika tena. Puti hii haikauki; molekuli zake zinafungamana, na zikishafungamana hakuna maji, mafuta wala majuto yatakayozifungua. Kuna jambo dogo hapa ambalo vitabu vya mwanzo hulipitia haraka na ambalo linastahili kuangaliwa. Pale katikati ya mkanda, njano na buluu zinapogusana, mmenyuko ulishaanza tangu kiwandani, na pana uzi mwembamba ulioganda tayari. Usipoukata na kuutupa kabla ya kukanda, uzi huo husagika ukawa chembechembe ngumu ndani ya donge laini. Huzioni wala huzihisi mpaka kifaa chako kinapopita juu ya shavu la sanamu na kukwaruza kijiwe. Basi hata kabla ya kuanza kuchonga, saa ya puti imeshatembea, na asiyejua hilo anaulaumu mkono wake.

Baada ya kukandwa, katika joto la kawaida la chumba, puti hupitia hali tatu au nne zinazotofautiana mno, kiasi kwamba ungeweza kuziita malighafi tofauti. Mwanzoni inanata vibaya: inashika waya wa kiunzi ambao sanamu hujengwa juu yake, inashika kifaa, inashika kidole. Kwa anayetaka kuchora jicho, huo ni usumbufu mtupu. Kwa anayetaka donge ling'ang'anie waya mwembamba bila kuzunguka kama gurudumu kwenye ekseli, hakuna saa nyingine iliyo bora. Inapopita nusu saa au zaidi, mnato unapungua na puti inaanza kukumbuka: ukiifinya inabaki ulivyoiacha, haikurudii. Hiki ndicho kipindi cha mikunjo ya nguo, midomo, na misuli ya shingo, na ndicho kifupi kuliko vyote. Halafu inakuja hali ya mpira. Ukiibonyeza inarudi kidogo, haimiminiki tena, lakini ukingo wa mkanda au wa kola ukisukumwa sasa unatoka mkali, jambo ambalo saa moja kabla lisingewezekana. Mwisho, baada ya saa kadhaa, inakatika kwa wembe kama ngozi, na kesho yake imekaza kabisa, ingawa ile ya kijani hubaki na unyumbufu kidogo usiopenda msasa wala tupa. Ndiyo sababu anayechonga silaha au bamba la chuma huchanganya au hubadilisha kabisa, akachukua Milliput ya Wales, ambayo inalainishwa kwa maji ikiwa mbichi na inakubali tupa ikiiva, kwa gharama ya kuwa rahisi kuvunjika. Hata uwiano wa rangi mbili ni namna ya kupanga saa: ukizidisha njano unapata puti laini, yenye mnato zaidi, ukizidisha buluu unapata kitu kikavu kinachokamata ukingo vizuri na kukaza kwa ugumu zaidi.

Joto huharakisha mambo haya yote. Mchongaji wa Nottingham wakati wa baridi huisogeza sanamu karibu na taa ili isikawie, na puti iliyobaki huitia kwenye friza ili isimalizike kabla yake. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari ana tatizo la upande wa pili: kipindi cha kati, ambacho tayari ni kifupi, kwake kitafupika zaidi, na ratiba yoyote iliyoandikwa Uingereza ataisoma kwa kupunguza. Anakanda kidogo kidogo na kuchonga asubuhi au usiku. Nimtahadharishe pia na ile epoksi ya mafundi bomba inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Ni ya ukoo huohuo, lakini imetengenezwa izibe tundu haraka, na nyingi hukaza ndani ya dakika chache, muda usiotosha hata kuliweka donge mahali pake. Na kwa aina zote, kigumishi kinaweza kumletea mtu mzio wa ngozi ambao ukishaingia hautoki kirahisi. Glavu zivaliwe wakati wa kukanda, na ile tabia ya zamani ya kulowesha kifaa kwa ulimi iachwe.

Kutokana na zile hali tatu au nne za puti, kanuni kuu ya kazi inajitokeza bila kulazimishwa: sanamu haichongwi, inapandishwa tabaka kwa tabaka, na kila tabaka huiva kabla ya linalofuata. Sababu yake ni ya kifizikia zaidi kuliko ya kisanii. Puti mbichi ukiibonyeza haipungui, inahama. Mwanagenzi anachukua donge moja kubwa, analiweka juu ya waya likiwa kichwa kizima, na anabonyeza tundu la jicho la kushoto. Tundu linapatikana, lakini shavu limevimba. Anasawazisha shavu, na sasa taya limekwenda upande. Anarekebisha taya, na jicho limefumba. Dakika arobaini zinakwisha akifukuzana na ujazo uleule uso mzima, na anainuka kwenye kiti akiwa na hakika kwamba hana kipaji. Fundi jana yake aliweka kokwa dogo la puti, umbo la fuvu tu, dogo kuliko kichwa kinachotakiwa, akaliacha likaiva. Leo anatandika juu yake ngozi nyembamba ya puti mbichi. Akibonyeza jicho, kifaa kinafika kwenye mfupa na kusimama. Kinachohama ni kidogo, na kinahama kwenda mahali anapopataka, yaani kwenye ukingo wa nyusi na mzizi wa pua. Mkono wa huyu na wa yule yawezekana unatetema sawasawa. Tofauti iko kwenye kokwa la jana.

Mfano wa kiganja ni mzuri zaidi, kwa kuwa viganja ndivyo vinavyowatisha watu. Katika kimo cha milimita 28 kidole cha mtu kina unene wa takriban milimita 0.3, na wazo la kuchonga vidole vitano vilivyokunjika juu ya mpini wa upanga linaonekana kuwa kichaa. Lakini hakuna anayevichonga hivyo. Kwanza unatengenezwa upanga wenyewe, wa waya uliopondwa au plastiki nyembamba, ukabandikwa mahali pake juu ya kipande kidogo cha puti ambacho ndicho kiganja. Vinaachwa viive pamoja. Kesho yake kibapa chembamba cha puti kinalazwa juu ya mpini kutoka upande wa nyuma ya kiganja, kinapasuliwa katikati kwa ncha ya kifaa, na kila nusu inapasuliwa tena. Vidole vinne vimepatikana kwa mikato mitatu, na haviwezi kukosa kuushika mpini kwa sababu vilizaliwa juu yake. Kidole gumba kinasubiri siku nyingine, kikiwekwa peke yake, maana kikichongwa sasa hivi kitavikwangua wenzake. Ukiyatazama hayo yote, hakuna hatua hata moja inayodai kitu ambacho mtu anayejua kutunga uzi kwenye sindano hana. Kinachodaiwa ni kukubali kwamba kiganja kimoja ni kazi ya siku tatu zenye dakika kumi kumi, na si ya saa moja na nusu ya mfululizo. Ndiyo maana wachongaji wenye uzoefu huwa na sanamu nne au tano mezani kwa pamoja, kila moja imechomekwa kwenye kizibo chake. Moja ikiiva, nyingine inafanyiwa kazi, na puti iliyokandwa haipotei.

Mpangilio huu unaanza nyuma zaidi ya pale mwanagenzi anapodhani. Kabla ya puti pana kiunzi cha waya, ambacho hukunjwa kwa koleo kikawa kimtu cha mistari: miguu, uti wa mgongo, mabega, mikono. Kiunzi kikikosea urefu wa paja, hakuna ustadi wa juu utakaoficha. Na kabla ya kiunzi pana swali la sanamu hii itazaliana vipi, kwa sababu sanamu ya michezo haitengenezwi ibaki moja. Kwa zile zinazosubiwa kwa madini, sanamu ya asili hulazwa kati ya duara mbili za mpira mbichi, ikabanwa kwa nguvu na kupashwa joto la nyuzi 150 hivi za Selsiasi mpaka mpira uive na kuwa kalibu. Kisha kalibu huzungushwa kwa kasi, madini yaliyoyeyuka, bati likiwa na risasi au antimoni, yakamiminwa katikati na kutupwa na mzunguko huo hadi kwenye ncha za vidole. Mpira hunyumbuka, lakini una mipaka: mkono uliojikunja mbele ya kifua na kuacha pango nyuma yake utaurarua mpira, au utanasa. Kwa hiyo mchongaji anaamua kabla hajakata waya kama mkono ule utakuwa kipande cha pekee cha kubandikwa, na sanamu itabanwa kutoka pande zipi. Ukitaka kujua kwa nini askari wa zamani wa madini wamesimama kana kwamba wamebanwa kati ya kurasa za kitabu, sababu ni kalibu, wala si upungufu wa mawazo.

Joto hilo na mbano huo pia ndivyo vinavyoeleza jinsi epoksi ilivyotawala. Nta huyeyuka kwenye kalibu la aina hiyo, na plastisini, aliyoibuni William Harbutt mjini Bath mwaka 1897, haigandi kamwe. Puti ya epoksi ikishaiva hustahimili. Mmarekani Tom Meier, mmoja wa waanzilishi wa Ral Partha ya Cincinnati mwaka 1975, alikuwa hajafikisha miaka 20 alipoonyesha kwa sanamu zake za epoksi kiasi gani cha uhai kinaweza kuingia katika kimo kidogo hivyo. Umri wake hutajwa sana kama ushahidi wa kipaji. Mimi ninauona pia kama ushahidi kwamba malighafi sahihi ilikuwa imepata mtu mwenye subira ya kuisoma.

Lipo jambo moja linaloonekana kuwa la macho tu, lisilohusu muda, nalo ni kutia chumvi. Chukua mtu wa mita 1.7 umpunguze mpaka milimita 28. Umemgawanya kwa 60 na ushei. Koti lake lenye unene wa milimita moja na nusu sasa lina unene wa milimita 0.025, jembamba kuliko unywele. Bapa la upanga wake lenye unene wa milimita 5 limebaki milimita 0.08. Vipimo hivyo ni sahihi na havifai kitu: madini hayataingia humo, na tabaka la kwanza la rangi litavifunika. Kwa hiyo mchongaji hunenepesha kila kinachopaswa kuonekana. Koti linapewa milimita nusu, kiganja kinakuwa kikubwa, kichwa kinakuwa kikubwa zaidi, mikunjo kumi ya suruali inakuwa mitatu yenye kina. Hilo ni la macho, sawa. Lakini mtazame mwanagenzi anayelijua somo hili vizuri na bado askari wake wote wanatoka vibonge. Alichonga mwili wenye kipimo kamili, kifua kipana, mapaja ya kutosha, akajivunia. Halafu akauvika shati, halafu koti, halafu mkanda na mkoba, na kila vazi likaongeza unene ambao kwa mtu wa kweli haupo. Fundi anayejua kwamba siku ya nne kutakuja koti, siku ya kwanza anachonga mtu aliyekonda kama mwenye njaa. Unene wa nguo umelipiwa mapema. Unaweza kuwa na jicho zuri la uwiano na bado ukashindwa hapa, kwa kuwa jicho linaona kilichopo, na kinachotakiwa ni kukihesabu ambacho hakijawekwa.

Nimefika kwenye pingamizi la kwanza, nalo si dhaifu: kipaji kipo. Wapo wanaoona mara moja kwamba goti limekaa juu mno, na wapo wasioona hata wakionyeshwa. Nakubali bila masharti, na siungi mkono wanaowaahidi watu kwamba mazoezi yatawafikisha wote mahali pamoja. Ninachokataa ni kukiweka kipaji hicho mkononi. Kuona goti lililokosewa ni elimu ya mwili wa binadamu, inayopatikana kwa kuchora, kwa kutazama watu kituo cha basi, kwa kusoma mifupa na misuli. Mtu anaweza kuijenga miaka kadhaa bila kugusa puti. Na kuhusu kutetemeka, ambako ndiko kunakotajwa zaidi, tuangalie kazi inavyofanyika kweli. Vidole havigusi sanamu. Mkono mmoja umeshika kizibo, mwingine umeshika kifaa, mara nyingi kifaa cha daktari wa meno au kijiti chenye ncha ya silikoni, na viganja viwili vimeegemeana huku viwiko vikiwa mezani. Mtetemo ukija unavikumba vyote viwili, kifaa na sanamu, navyo vinacheza pamoja. Macho yakipungua nguvu ipo lenzi ya kukuzia. Mwili, kwa ufupi, una magongo mengi katika kazi hii. Mpangilio mbaya hauna gongo hata moja.

Pingamizi la pili linatoka kwa walimu wa sanaa, na ninaliheshimu zaidi. Wanasema: kama saa ndiyo adui, mwondoleeni mwanagenzi saa. Mpeni udongo wa polima, Fimo au Super Sculpey, unaobaki laini wiki nzima mpaka utiwe kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 130 hivi. Ajifunze umbo kwanza, na hofu ya muda ije baadaye. Kwa sanamu ya urefu wa shubiri moja wana haki, na wachongaji wengi wa vichwa na nusu-miili hufanya hivyo. Kwa milimita 28 hoja yao inageuka. Udongo usioganda hauna mfupa wa kusimamia: ukichonga viatu, kidole kitagusa uso, ukigeukia uso, viatu vimebonyea. Anayeutumia kwa kimo hicho hujikuta akichonga kidogo, anaoka, anaongeza, anaoka tena, yaani anarudi kwenye tabaka zile zile kwa kutumia oveni badala ya saa. Mpangilio haukuondoka, ila sasa ni yeye anayepaswa kuamua lini. Hilo ni gumu zaidi kwa anayeanza, ambaye kila akitazama kazi anaona kitu kimoja zaidi cha kurekebisha. Puti inamkatia mjadala. Saa mbili zimepita, kola imekuwa ilivyokuwa, kalale. Nadiriki kusema kwamba asilimia kubwa ya fadhila ya epoksi kwa mwanagenzi ni ukali wake huo, ingawa najua wanaopenda kufundisha kwa upole hawatanisamehe.

Linabaki pingamizi la kompyuta, na hili ndilo zito kuliko yote, kwa sababu limeshashinda sokoni. Programu ya kuchongea ya ZBrush ilionyeshwa hadharani mwaka 1999, na leo kampuni kubwa za sanamu za michezo, Games Workshop ikiwemo, hubuni sanamu zao kwenye skrini. Vichapishi vya resini vinavyokaa juu ya meza ya nyumbani hutoa nukta zisizozidi milimita 0.05. Kwenye skrini hakuna saa. Kuna kitufe cha kurudi nyuma, mara mia ukitaka. Shavu likivimba unalirudisha, na koti likizidi unene unalikondesha hata baada ya mkoba kuwekwa. Mtu anaweza kuuliza kwa nini basi mwanagenzi wa leo aupoteze mwaka akijifunza utiifu kwa donge la kijani.

Jibu langu lina sehemu mbili, na ya kwanza ni kukiri. Anayetaka ajira katika fani hii ajifunze kompyuta, na ajifunze mapema. Karakana zinazoajiri mtu kwa ajili ya puti peke yake zimebaki chache. Sehemu ya pili ni kwamba programu hizo zenyewe zimejengwa juu ya mpangilio ule ule. Mchongaji wa kidijitali anaanza na umbo lenye vipande vichache, anaweka mafungu makubwa ya mwili, ndipo anapozidisha vipande na kushuka kwenye mikunjo, kisha kwenye vinyweleo vya ngozi. Anayeruka hatua akachonga makunyanzi juu ya fuvu lisilo sahihi atalazimika kulisogeza fuvu, na makunyanzi yote yatavutika kama nguo iliyokosewa mshono. Tofauti ni kwamba skrini inamruhusu aruke. Haina mnato wa nusu saa ya kwanza wa kumwambia subiri. Inamruhusu pia akuze uso wa milimita 4 mpaka ujaze kioo kizima, na akiwa humo ndani anachonga mboni, mishipa na vinyweleo ambavyo kichapishi kitavitoa kwa uaminifu wote na rangi ya kwanza itavizika. Kosa hilo, yaani sanamu yenye mambo mengi yasiyosomeka kutoka urefu wa mkono, unalikuta hata kwenye kazi za kulipwa. Wanaoliepuka wana tabia ya kuirudisha sanamu kwenye ukubwa wake halisi kila baada ya muda, na ya kuchapisha nakala ya majaribio ingali na mafungu makubwa tu, kabla ya kifungo cha kwanza cha koti. Kwa anayeanzia kwenye skrini na hakusudii kamwe kukanda puti, ningemshauri ajiwekee saa hizo mwenyewe: mwili uchapishwe na kukaguliwa mkononi kabla ya nguo, nguo kabla ya mikunjo, na faili la jana lisifunguliwe tena kwa ajili ya kusogeza goti.